Mji wa London kwa Miguu: Matembezi ya Nusu Siku Kando ya Mto Thames

Watu wengi wasikiapo jina la London hudhani kwamba ni mji usioweza kutazamwa ila kwa siku nyingi na kwa fedha nyingi. Ni kweli kwamba mji ni mkubwa, maana wakazi wake hukaribia milioni 9. Lakini mji huo ulizaliwa kando ya mto, na mengi ya mambo yake makuu yangali pale pale ukingoni. Mtu mwenye viatu vizuri akiondoka Daraja la Westminster saa tatu asubuhi, akafuata ukingo wa kaskazini wa Mto Thames kuelekea mashariki, atafika daraja liitwalo Tower Bridge kabla ya saa saba mchana, hata akipumzika njiani. Mwendo wenyewe ni maili tatu hivi, nao hauna ada. Koti la mvua lisisahauliwe, hata kama jua lawaka.

Mto wenyewe si mrefu. Urefu wake wote ni maili 215, na Mto Tana wa Kenya waushinda mara mbili na zaidi. Jambo la ajabu ni kwamba, ingawa mji uko mbali na bahari, maji ya Thames hujaa na kupwa kama yafanyavyo maji ya Kilindini, tena kwa nguvu zaidi. Wakati wa bamvua maji huweza kupanda zaidi ya futi 20. Kwa hiyo mgeni apitaye asubuhi huona mto umejaa mpaka kifuani mwa kuta, naye akipita tena jioni huona matope na mawe, na watu wachache wakiokota vipande vya vyungu vya kale.

Penye Daraja la Westminster pana Jumba la Bunge. Jumba la zamani liliungua tarehe 16 Oktoba, 1834, kwa sababu ya uzembe: watumishi walikuwa wakichoma katika tanuri vijiti vya kale vilivyotumika zamani kuwekea hesabu za kodi, wakazidisha kuni hizo, moto ukawashinda. Jumba lionekanalo sasa lilijengwa baadaye, na mnara wake wa saa una urefu wa futi 316. Jina Big Ben, ambalo watu hulipa mnara, hasa ni la kengele kubwa iliyomo ndani. Mnara wenyewe huitwa Mnara wa Elizabeth tangu mwaka 2012, kwa heshima ya Malkia aliyekuwa ametimiza miaka 60 ya kutawala. Ndani ya jumba hili ndimo ilimopitishwa, mwaka 1963, sheria ya uhuru wa Kenya.

Hapa yafaa mgeni asimame kidogo, aegemee ukuta na kutazama maji, kwani habari iliyo kubwa kuliko zote za matembezi haya yahusu maji hayo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 watu wa London waliongezeka upesi mno, na uchafu wao wote, wa vyooni, wa machinjioni na wa viwandani, uliteremka mtoni. Na katika mto uo huo makampuni yalichota maji ya kunywa na kuyauza. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1848 na 1849, kiliua watu wapatao 14,000 katika mji huo. Kilirudi tena mwaka 1853 na 1854, kikaua zaidi ya 10,000.

Siku zile wakubwa na wadogo waliamini kwamba ugonjwa huletwa na harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alisema sivyo: ugonjwa umo katika maji. Mwaka 1854, katika mtaa wa Soho, alichunguza nyumba kwa nyumba akaona kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wakiteka maji katika pampu moja ya barabara ya Broad Street. Akawaendea wazee wa mtaa, nao wakang'oa mpini wa pampu ile. Lakini wenye madaraka hawakuyakubali mafundisho yake upesi.

Kilichowashurutisha kutenda kilikuwa uvundo. Katika majira ya joto ya mwaka 1858 jua liliwaka kwa ukali, maji yakapungua, na mto ukanuka hata Wajumbe wa Bunge hawakuweza kukaa katika vyumba vinavyoelekea mtoni. Mapazia yalichovywa katika dawa ya chokaa, haikufaa kitu. Jambo lililokuwa limebishaniwa kwa miaka mingi, kwa sababu ya gharama, sasa lilipata sheria kwa siku 18 tu. Dakta Snow hakuiona siku hiyo. Alikufa mwezi wa Juni mwaka ule ule, uvundo ukiwa umepamba moto.

Kazi alipewa injinia Joseph Bazalgette. Yeye alijenga mifereji mikubwa ya matofali chini ya ardhi, yenye urefu wa maili 82, iliyokingama njia ya maji machafu kabla hayajafika mtoni na kuyapeleka mashariki, mbali na mji. Matofali yaliyotumika yalikuwa milioni 318. Barabara pana ambayo mgeni huikanyaga akitoka Bungeni, iitwayo Victoria Embankment, ni kazi ya injinia huyo huyo, nayo ilifunguliwa mwaka 1870. Zamani palikuwa na matope na maji mahali hapo. Chini ya barabara hiyo umo mfereji wa maji machafu, na kando yake reli ya gari-moshi lipitalo chini ya ardhi. Mtu akitaka kujua jinsi mto ulivyosukumwa, na aingie katika bustani iliyo karibu na stesheni ya Embankment. Humo pana lango la mawe lililojengwa mwaka 1626 ili wakubwa washukie mashua zao. Lango hilo halikuhamishwa, lakini leo maji yako mbali nalo kiasi cha yadi 150.

Inachekesha kidogo kwamba mifereji ile ilijengwa kuondoa harufu, lakini ikaondoa kipindupindu. Ugonjwa uliporudi mwaka 1866 uliua watu wapatao 5,500 katika mitaa ya mashariki, ambako kazi ilikuwa haijamalizika. Mitaa mingine ilisalimika kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo wengi waliposadiki maneno ya marehemu Snow. Sanamu ya Bazalgette imetiwa katika ukuta wa mto, karibu na daraja la reli la Hungerford, ndogo kiasi cha kuwa watu hupita wasiione.

Wengi huiona nguzo ya jiwe iliyo mbele kidogo, karibu futi 70 kwenda juu. Ilichongwa Misri yapata miaka 3,500 iliyopita. Ilipokuwa ikiletwa kwa bahari mwaka 1877 tufani ilikipiga chombo chake, na mabaharia sita waliokwenda kuwaokoa wenzao walizama. Majina yao yameandikwa chini ya nguzo. Sanamu moja ya simba mwenye kichwa cha mtu iliyo kando yake ina matundu yaliyofanywa na bomu la Wajerumani mwaka 1917.

Daraja la Waterloo lifuatalo ni la zege jeupe, tena zuri kwa wepesi wake. Lilikamilishwa mwaka 1945, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa vitani, wanawake wengi walifanya kazi ya kulijenga. Siku ya kulifungua walisifiwa wanaume tu. Wenye mashua za mtoni, hata hivyo, waliliita Daraja la Wanawake.

Kutoka hapo mpaka Blackfriars hakuna la kumchelewesha mgeni. Kisha ataona upande wa kushoto kuba la Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, kazi ya Christopher Wren, iliyoanza mwaka 1675 na kwisha mwaka 1710. Kuingia ndani hulipiwa, lakini kuitazama nje ni bure. Mbele ya kanisa pana daraja jembamba la waendao kwa miguu, lililofunguliwa mwezi wa Juni mwaka 2000. Watu walipolikanyaga kwa wingi liliyumba kama chombo baharini, likafungwa baada ya siku mbili na halikufunguliwa tena mpaka mwaka 2002.

Kanisa hilo, na sehemu kubwa ya mji huu wa kale, vilijengwa upya kwa sababu ya moto ulioanza katika nyumba ya mwoka mikate tarehe 2 Septemba, 1666. Kwa siku nne uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Karibu na Daraja la London pana nguzo ya ukumbusho yenye urefu wa futi 202, na kutoka nguzo mpaka mahali moto ulipoanzia ni futi 202 vilevile. Mwenye magoti mazima aweza kupanda vidato 311 vilivyomo ndani. Daraja la London lenyewe ni jipya, la mwaka 1973. Lililotangulia liliuzwa mwaka 1968 kwa tajiri wa Marekani, naye akalichukua jiwe kwa jiwe mpaka Arizona.

Mwisho wa njia ni ngome ya kale iitwayo Tower of London, ambayo mwanzo wake ni Mfalme William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, na jirani yake Tower Bridge, daraja la mwaka 1894 ambalo njia yake hugawanyika katikati na kuinuka ili meli ndefu zipite. Ngome yahitaji nusu siku yake peke yake. Afadhali isiingiwe kwa haraka.

Akiwa hapo mgeni na atazame maji mara nyingine. Mwaka 1957 wataalamu walisema kwamba mto umekufa, kwa kuwa mifereji na mitambo ya kusafisha ilikuwa imezidiwa na watu, tena mengine yalikuwa yameharibiwa na mabomu ya vita. Baada ya kazi ya miaka mingi samaki walirudi, na mwaka 1974 samoni alipatikana tena. Hata hivyo kila mvua kubwa iliponyesha mifereji ya Bazalgette ilifurika mtoni, mpaka ukachimbwa mfereji mpya chini ya mto, wenye urefu wa maili 15 na zaidi, ambao uliungwa wote mwaka 2025.

Mwenye kuchoka na apande gari-moshi katika stesheni ya Tower Hill. Kwa muda wa robo saa atarudishwa Westminster, akipita chini ya barabara ile ile aliyoitembea asubuhi.