Ukuta Mpya Hauharakishwi

Sebule yetu huku Masisi tuliipaka rangi ya mafuta siku 9 tu baada ya kupigwa plasta ya simenti. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua ikishuka kila alasiri, na wageni wa harusi walikuwa njiani. Siku ya harusi kila mtu alisifu. Kabla ya Pasaka ukuta ulikuwa umetoa malengelenge. Ukibonyeza moja kwa kidole lilipasuka, na ndani mlikuwa na utelezi wa manjano unaonata.

Utelezi ule ulikuwa sabuni, sabuni kweli. Mama zetu wanaopika sabuni ya mawese wanaijua kazi hiyo: mafuta yakikutana na soda kali, yanageuka. Simenti mbichi ina ukali wa jamii hiyo, na rangi ya mafuta ina mafuta ndani yake. Unyevu uliobaki ukutani hubeba ukali ule hadi kwenye rangi, na sabuni ikaanza kupikwa humo humo, polepole.

Mafundi wengi huhesabu wiki 4 tangu plasta ipigwe. Siku 7 za kwanza inyunyizwe maji isikauke haraka ikapasuka, kisha iachwe, madirisha wazi. Lakini hesabu hiyo haijui ukungu wa milima ya Masisi, wala msitu wa Walikale ambako mvua hainyamazi kwa muda mrefu. Huku ongeza wiki, au panga kupaka kati ya Juni na Agosti. Wengine huwasha mbabula chumbani ili kuharakisha. Uso wa ukuta hukauka, ndani bado maji, na moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa unaua watu.

Kipimo cha unyevu ni rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, uache usiku na mchana. Ukikuta matone ndani yake, ngoja. Ukiona unga mweupe kama chumvi, upanguse kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji unarudi ndani, kisha utatoka tena.

Ukuta ukikauka, ziba nyufa, piga msasa kidogo, futa vumbi lote. Mkono wa kwanza uwe rangi ya maji iliyozimuliwa, kama sehemu 3 za maji kwa 7 za rangi, ili ukuta uinywe na ishike. Kisha mikono miwili bila kuzimua.

Nyumba ya udongo ina mambo yake. Plasta ya simenti juu ya udongo ni ngumu kuliko ukuta unaoibeba: hupasuka, na unyevu hunaswa nyuma yake. Udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, juu yake chokaa, huacha ukuta upumue. Wazee hawakukosea.

Naielewa haraka ya familia zinazorudi baada ya vita. Unataka nyumba iwe nyumba tena, leo. Lakini ndoo ya rangi iliyopandishwa kutoka Goma kupitia Sake ni ghali mno kupotea kwa ajili ya wiki tatu. Fundi akimaliza plasta, chukua penseli, andika tarehe kwenye ukuta wenyewe, na usimruhusu mtu kufungua ndoo kabla hamjahesabu wiki pamoja tangu tarehe hiyo.