Ngoma Inarudi Diani: Fungua Darasa Lako kwa Usalama, Pokea Malipo kwa Simu

Mwaka wa 2020 ngoma ilinyamaza Pwani ya Kusini. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, na mwezi wa Aprili Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungwa: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Kwale ilifunguliwa Juni, lakini Nairobi na Mombasa zilibaki zimefungwa hadi tarehe 7 Julai. Wageni wangetoka wapi? Vikundi vya sengenya vilivyozoea kuchezea wageni hotelini jioni vikabaki bila kipato.

Ndege za kimataifa zilirudi tarehe 1 Agosti mwaka huo, na baadaye kafyu ikasogezwa hadi saa tano usiku. Kama una darasa la densi Ukunda au kikundi cha ngoma Msambweni, najua swali lako: nitafungua vipi bila kuleta maradhi?

Tatizo ni pumzi

Mwezi wa Februari, katika mji wa Cheonan, Korea Kusini, walimu wa densi ya mazoezi walikutana kwa mafunzo. Baadaye wataalamu walihesabu wagonjwa 112 waliohusishwa na madarasa hayo, katika kumbi 12. Vyumba vilikuwa vidogo na watu walikuwa wakihema kwa nguvu. Lakini mwalimu mmoja aliyeambukizwa alifundisha pia yoga na pilates, mazoezi ya polepole yenye watu wachache, na huko hakuna mwanafunzi aliyepatikana na virusi.

Funzo ni wazi: punguza watu, ongeza hewa. Na hapa sisi tumebahatika. Kiwanja chini ya mwembe au banda la makuti lisilo na kuta ni bora kuliko chumba chenye feni na madirisha yaliyofungwa.

- Gawa darasa. Wanafunzi 20 wawe makundi mawili ya 10, na saa tofauti.
- Mwalimu asipige kelele. Tumia kipaza sauti au ishara za ngoma.
- Nzumari iwe na mpigaji mmoja tu. Haizungushwi mdomo kwa mdomo.
- Maji na sabuni mlangoni, barakoa wakati wa kuingia, kusubiri na kutoka.
- Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, na asitozwe siku hiyo. Ukimtoza, atakuja akiwa mgonjwa.

Malipo yanasaidia wapi?

Tuwe wakweli: kulipa kwa simu hakuondoi virusi hewani. Faida yake ni kwamba foleni ya mlangoni inaisha. Mwanafunzi analipa akiwa nyumbani, nawe unajua mapema wangapi wanakuja. Nafasi 10 zikijaa, basi, unafunga.

Taarifa ya malipo pia inaonyesha nani alilipa na siku gani. Mtu akiugua, unajua wa kupigia. Lakini andika mahudhurio vilevile, maana mama anaweza kulipia watoto watatu. Na orodha hiyo ni siri, usiitume kwenye grupu la WhatsApp.

Machi 2020, Benki Kuu ya Kenya iliondoa ada za kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000, na nafuu hiyo iliendelea hadi tarehe 31 Desemba 2020. Chukulia darasa lilikuwa shilingi 200: wakati huo mwanafunzi hakukatwa kitu. Lakini sasa panga bei yako baada ya kuangalia ada zilizopo.

Pata namba ya tili ya kikundi badala ya kutumia simu ya kiongozi. Pesa ya ngoma ikichanganyika na ya unga nyumbani, ugomvi hauko mbali. Kila mwisho wa wiki, wasomeeni wanakikundi hesabu.

Jihadhari na matapeli

Usiamini ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mtu mwingine. Angalia salio lako mwenyewe. Namba ya siri usimpe yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wetu.

Anza wiki hii na kundi moja dogo. Likienda vizuri, ongeza la pili. Afadhali watu 10 kila wiki kuliko 40 siku moja, kisha ngoma inyamaze tena.