Sukuma kwa Gunia, Barua kwa Kaunti: Vile Utapanda na Bado Utetee Haki Msimu Huu wa Mvua

Kila Machi ikifika Nairobi, wasee hugawanyika mara mbili. Kuna wale mvua ya kwanza ikigonga mabati wanakimbia kutafuta gunia na miche ya sukuma. Halafu kuna wale wako X kutoka ngware hadi usiku wakiitisha viongozi majibu. Wa kwanza wanaambiwa wamenyamaza na nchi inaharibika. Wa pili wanaambiwa wanapiga kelele mob na kwa keja hakuna hata jani la dania.

Manze, si lazima uchague. Gunia likishashika, halihitaji zaidi ya saa moja kwa wiki ukigawanya vizuri. Na vitendo vidogo vya kutetea haki, kama kuandika barua, kusoma bajeti ama kugawia jirani mbegu, vinaingia kwa saa nyingine moja. Kitu wengi hawajashtukia ni kwamba hizi kazi mbili ziko kwa kalenda moja.

Mvua na bajeti huingia pamoja

Mvua ndefu ya Nairobi huanza Machi na kuisha Mei. Sasa cheki vile pesa za umma zinapangwa. Kufikia 28 Februari, kila kaunti inafaa iwe imepeleka kwa bunge lake karatasi ya kuonyesha mwelekeo wa matumizi. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti ya serikali kuu na ya kaunti lazima yawe yamefika kwa wabunge na maMCA. Mei ndio wananchi wengi huitwa watoe maoni. Juni inaisha na kura bungeni, na 1 Julai mwaka mpya wa pesa unaanza.

Kwa hivyo mche uliopanda mwisho wa Machi unaanza kuvunwa Mei, wakati Mswada wa Fedha uko mezani na unajadiliwa.

Kumbuka 2024. Mswada wa Fedha ulifika bungeni Mei, na ndani kulikuwa na VAT ya 16% kwa mkate. Pendekezo la mkate lilitolewa 18 Juni presha ikiwa juu. 25 Juni vijana wakaingia bungeni, na siku hiyo kuna wenzetu walipoteza maisha. 26 Juni Rais William Ruto akasema hatautia sahihi. Nchi nzima iligeuka darasa la sheria, lakini wengi walianza kuusoma mswada Juni, kama imebaki siku za kuhesabu.

Mkulima yeyote atakuambia hiyo ni kama kupanda wakati mvua inaisha. Inaweza kumea, lakini utaimwagilia kwa nguvu zako zote. Kuanza mapema ni rahisi kuliko kukimbizana na karao baadaye.

Anza na gunia

Kama unaishi ploti ama ghorofa, ongea kwanza na mwenye nyumba ama msimamizi. Mwambie Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya kuendeleza kilimo cha mjini tangu 2015, hivyo si wazimu wako tu. Lakini nyumba ni yake, kwa hivyo muombe vizuri.

Tafuta mahali jua linapiga kama masaa sita. Chukua gunia la kutumika, liweke juu ya mawe ama mbao ili maji yatoke chini. Changanya mchanga mbili kwa samadi moja, na hiyo samadi iwe imeoza vizuri, si ile bado inanuka.

Siri ya gunia iko katikati. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa chini na juu, usimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto. Zungushia mchanga kando. Ukifika juu ya mkebe, uvute polepole, ujaze kokoto tena, uendelee hivyo mpaka gunia lijae. Utabaki na nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Ukimwaga maji hapo, yanafika kwa miche yote, hata ya chini.

Toboa mashimo kando kwa mpangilio wa zigizagi, ukiacha upana wa kiganja kati ya shimo na shimo, kisha uingize miche ya sukuma ama spinachi. Juu mwaga mbegu za terere ama dania. Mwagilia asubuhi ama jioni, maji ya kuoshea mboga yanatosha siku nyingine. Ukiona vijidudu vidogo chini ya majani, vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Mambo mawili usicheze nayo. Kwanza, usichote mchanga kando ya gereji, barabara kubwa ama jaa la taka, kwa sababu unaweza kuwa na madini ya risasi, na usimwagilie maji ya mtaro wa choo. Pili, gunia likilowa linakuwa mzito kishenzi. Kama balkoni yako ni ya kushuku, tumia mitungi ya lita tano iliyokatwa, na usiiweke kwa ukingo ikaangukia mtu kichwa.

Mbegu ya shosh ilikuwa kesi

Hapa ndio bustani na haki zinakutana kabisa. Ile mbegu ya managu shosh hukupakia kwa karatasi ukitoka ushago, kuna wakati sheria ilikuwa inaiangalia vibaya. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, vile ilirekebishwa 2012, ilifanya kuuza ama kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa kuwa kosa. Adhabu ilikuwa hadi miaka miwili ndani ama faini ya hadi shilingi milioni moja.

Mwaka wa 2022, wakulima wadogo 15 walienda kortini. Hawakuwa matajiri. Hoja yao ilikuwa kwamba wazazi wao walihifadhi na kugawana mbegu miaka yote, na kuwazuia ni kuwalazimisha wanunue kila msimu. Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu aliamua kwamba sehemu za sheria hiyo zilizoadhibu wakulima kwa kugawana mbegu za kienyeji zinakiuka Katiba.

Soma hiyo tena pole pole. Watu 15, miaka mitatu hivi ya kesi, na ile bahasha ya managu ikapata ulinzi wa Katiba. Lakini hiyo haki ikikaa bila kutumiwa, mbegu zenyewe zitaisha. Kuzihifadhi na kuzigawa ni kitendo kidogo cha kutetea haki, na hakuna mtu atakukimbiza na teargesi.

Kufanya hivyo ni rahisi. Acha mmea mmoja ama miwili mizuri bila kuvuna. Kwa managu, ngoja matunda yaive kabisa, uyaponde kwa maji, uoshe mbegu, uzianike kivulini. Kwa terere, kata vichwa vikishakauka, uvipukute juu ya gazeti. Kwa kunde, ngoja maganda yakauke mpaka yalie ukiyatikisa. Weka kwa karatasi, andika jina, mahali zilitoka na mwezi. Usihifadhi kutoka kwa mbegu za chotara za dukani, kwa sababu watoto hawafanani na mzazi. Mbegu za kienyeji ndizo zinarudi vile zilivyokuwa.

Halafu gawa. Jirani, mama mboga, mbogi ya besi, yeyote. Mtaa wenye mbegu zake hauzimwi na bei ya duka.

Barua ya ukurasa mmoja

Sasa kitendo cha pili. Chagua kitu kimoja kinachokukera na unakiona kwa macho yako. Mfano mtaro uliozibwa, ule mvua ikinyesha maji yanaingia kwa keja na kubeba gunia lako. Watu wa Mathare na mitaa mingine ya kando ya mto wanajua vile mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwafanya. Kwao mtaro si maneno madogo.

Usianze na matusi. Anza na swali. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza vile utaitisha. Unaandika kwa Kiswahili ama Kiingereza. Hulipi kitu kuwasilisha ombi, ingawa unaweza kulipia nakala. Ofisi inafaa kukujibu ndani ya siku 21. Kama swali linahusu uhai ama uhuru wa mtu, ni masaa 48. Wakikataa ama wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita Ombudsman.

Barua yako inaweza kuwa na maswali matatu tu. Mtaro wa barabara hii ulitengewa pesa ngapi mwaka huu? Nani alipewa kazi? Inafaa kuisha lini? Weka tarehe, jina lako, na uhifadhi nakala. Ukiipeleka mwenyewe, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri.

Halafu ona hii. Terere inachukua kama wiki tatu ama nne kabla uanze kuvuna. Jibu la kaunti ni siku 21. Siku unamwaga mbegu, peleka barua. Siku unachuma terere ya kwanza, itisha jibu lako.

Ratiba ya msee ana kazi

Hutaki kujichosha, kwa hivyo panga hivi.

Machi: Wiki ya kwanza ya mvua, jaza gunia na umwage mbegu. Wiki hiyo hiyo, andika ile barua. Kazi nzito zote mbili ziishe mapema.

Aprili: Gunia linahitaji kuangaliwa tu. Tumia muda uliobaki kutafuta bajeti ya kaunti. Usisome yote. Tafuta wodi yako, soma mistari inayoitaja, piga picha, tuma kwa grupu ya WhatsApp ya ploti. Ukurasa mmoja uliosomwa na watu kumi unashinda kitabu kilichosomwa na mmoja.

Mei: Vuna majani ya chini ya sukuma, uache ya juu yaendelee. Bunge likitangaza kutoa maoni, andika ukurasa mmoja kwa Karani wa Bunge, ama uhudhurie kikao cha wodi. Taja kifungu, sema shida, sema unataka nini badala yake. Maoni kama hayo yanabaki kwa rekodi, kuliko matusi ya kwa simu.

Juni: Acha mimea ya mbegu ikauke. Fuatilia kura, ujue mbunge wako alisimama wapi. Kifungu cha 37 bado kipo: una haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Ukienda, utaenda ukijua ni nini unapinga.

Usiungue ndani

Kuna wiki utachoka. Habari zitakuwa mbaya, simu itakuwa nzito mkononi. Hapo gunia linasaidia kwa njia ya kawaida kabisa: linataka maji leo, na ukilipa utaona tofauti kesho kutwa. Mambo ya serikali hayana hiyo tabia. Hivyo zima simu, mwagilia, lala. Lakini pia kuna mtego upande huo mwingine. Ukijificha kwa mboga miezi mitatu, mtaro utabaki umezibwa, na mvua ikija itakupata hapo hapo na sukuma yako.

Hii si maneno mapya Kenya. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement 1977 na kitu cha kawaida sana, miche. Akina mama walikuwa wanalipwa kitu kidogo kwa kila mche ulioshika. Mwaka wa 1989, serikali ya Moi ikitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, alichukua kalamu akaandika barua, moja baada ya nyingine, kwa maofisi ya hapa na ya ng'ambo. Wabunge walimtukana. Jumba halikujengwa. 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata, na leo ukienda kupumzika pale Uhuru Park unakanyaga nyasi, si lami ya maegesho ya watu wakubwa.

Yeye hakuchagua kati ya mche na barua. Na hakuanza na msitu mzima.

Kwa hivyo msimu huu anza na gunia moja na swali moja. Gunia likifa, mvua ya Oktoba bado inakuja, utarudia. Barua isipojibiwa, sheria imekuonyesha mlango wa pili. Na kama una mbegu za ziada za managu, usikae nazo. Sasa hivi kuna mtu kwa ploti yako anazitafuta.