Maji ya Dodoma

Dodoma ni nchi kavu. Mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine mito mingi huwa mchanga mtupu. Reli ilipofika mwaka 1910, treni ziliendeshwa kwa mvuke, nazo zilihitaji maji mengi. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya serikali, na watu wakaongezeka. Je, maji yao hutoka wapi?

Sehemu kubwa hutoka ardhini, katika bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Huko vimechimbwa visima virefu. Pampu za umeme huyavuta maji juu na kuyasukuma katika mabomba mpaka kwenye matangi yaliyojengwa mahali palipoinuka. Kutoka humo maji huteremka yenyewe hadi majumbani.

Lakini pampu haitengenezi maji. Mvua ndiyo inayoyarudisha ardhini, hasa katika miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya 1997 na 1998. Tukivuta maji mengi kuliko yanayorudi, visima vitakauka. Kwa hiyo, ukiona bomba limeachwa wazi, lifunge.

Swali: Kwa nini matangi hujengwa mahali palipoinuka?