Uchaguzi na Utunzaji wa Koki na Vyombo vya Maji Majumbani

Wananchi wanaojenga nyumba, pamoja na watumishi wa Serikali wanaokabidhiwa nyumba katika vituo vyao vya kazi, wanatanabahishwa kuwa koki, beseni la kunawia, choo cha maji na tangi si mapambo ya nyumba. Ni vyombo vya kazi, na kila kimoja kimetengenezwa kwa maji ya namna fulani na kwa msukumo wa kiasi fulani. Koki iliyo faida katika nyumba moja yaweza kuwa hasara katika nyumba nyingine.

Makala haya yanachukua mfano wa Nyambureti, wilayani Serengeti, Mkoa wa Mara, kwa sababu nyumba ya kijijini hufichua haraka makosa ambayo msukumo mkubwa wa maji ya mjini huyaficha. Musoma hupata maji kutoka Ziwa Victoria, na Mugumu, makao makuu ya wilaya, hutumia maji ya Bwawa la Manchira. Vijijini, kaya moja yaweza kutegemea kwa zamu maji ya mradi, ya kisima na ya mvua iliyokingwa kwenye paa la bati. Maji hayo mara nyingi huja na mchanga na tope, tena hushuka kutoka tangi lililo juu kidogo tu ya paa. Msomaji wa kisiwani atakuta humu mengi yanayomhusu, ila kwake adui ni chokaa zaidi ya mchanga, maana maji ya visima vya Unguja hupita katika mawe ya matumbawe.

Jambo la kwanza kupimwa ni msukumo. Kila mita 10 za kimo kati ya maji ya tangi na koki huleta msukumo wa takribani baa 1. Hivyo tangi lililowekwa mita 3 juu ya koki hutoa baa 0.3 tu. Bomba la mvua la kuchanganya maji ya moto na baridi, lile linalong'aa dukani, aghalabu huhitaji baa 1 au zaidi ili lifanye kazi ipasavyo. Aliyelinunua kwa ajili ya tangi la mita 3 ataoga kwa matone. Kwa nyumba ya namna hiyo inafaa koki yenye njia pana ndani, na koki ya mpira wa chuma inayofunguka kwa robo mzunguko ni nzuri mahali pa kufungia, kwani inapofunguliwa haizuii maji.

Pili ni namna koki inavyofunga. Zipo za washa ya mpira, ambazo hufunga kwa kukazwa chini polepole, na zipo za sahani mbili za kauri zinazoteleza moja juu ya nyingine. Za kauri ni nyepesi kwa mkono na hudumu sana penye maji safi. Punje ya mchanga ikiingia kati ya sahani hizo huzikwaruza, na zikikwaruzwa hapana budi kununua moyo mzima wa koki, ambao lazima uwe wa aina ileile. Washa ya mpira nayo huliwa na mchanga, lakini ni kipande kidogo cha bei nafuu na hubadilishwa kwa spana moja. Kwa maoni ya mwandishi, nyumba iliyo mbali na maduka ya vifaa isiwe na koki ambayo kipuri chake hakipatikani katika mji wa karibu. Mnunuzi na aulize vipuri kwanza, rangi baadaye.

Ubora wa madini hutambulika kwa kuangalia ndani ya uzi wa koki, mahali ambapo nikeli haikufika: shaba nyeupe huonyesha umanjano, na zinki huonyesha kijivu. Ya shaba nyeupe ni nzito zaidi mkononi na haivunjiki upesi inapokazwa. Sumaku haitoshi kuwa ushahidi, kwani hunasa chuma tu. Zinki na shaba zote huipita. Koki za plastiki zinafaa ndani ya nyumba, lakini zikiachwa juani hukakamaa na kupasuka. Inashauriwa pia kutazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania.

Kuhusu vyoo, tangi la kusukumia la zamani humwaga lita 9 au zaidi kwa mara moja, na la sasa lita 6. Kaya inayovuta choo mara 25 kwa siku hutumia lita 225 kwa lile la kwanza na lita 150 kwa la pili. Penye mgao wa maji au penye kuteka kwa ndoo, choo cha kuchuchumaa cha kumwagia maji, chenye kona ya maji chini yake, huhitaji lita 2 au 3 tu, na wala hakina boya la kuharibika. Wapo wanaokiona kuwa ni cha kimaskini. Hilo ni suala la fahari, maana kona ya maji huzuia harufu na wadudu sawasawa na ile ya choo cha kukalia. Nyumba inapofungwa kwa likizo ndefu, kona hizo hukauka; mtumishi anayerejea amwage maji kidogo katika kila choo na kila beseni kabla ya kulalamikia harufu.

Boya la tangi nalo lina siri yake. Tundu la valvu ya boya huwa dogo kwa maji yenye msukumo mkubwa, na huwa kubwa kwa maji yanayoshuka kutoka tangi la nyumbani. Likiwekwa dogo mahali pa kubwa, choo kitachukua muda mrefu mno kujaa. Likiwekwa kubwa mahali pa dogo, boya laweza kushindwa kuzuia maji na tangi likafurika usiku kucha.

Uvujaji hupimwa, haukisiwi. Weka kikombe cha nusu lita chini ya koki inayodondosha. Kikijaa kwa saa moja, koki hiyo inapoteza lita 12 kwa siku, yaani lita 360 kwa siku 30, ambazo ni ndoo 18 za lita 20. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha huduma vijijini. Koki moja inayodondosha hunywa basi karibu nusu ya fungu la mtu mmoja, na penye mradi unaosukuma maji kwa mashine, maji hayo yamekwisha kulipiwa na wanakijiji wote. Choo hupimwa kwa kumimina chai ya rangi iliyokolea katika tangi lake: rangi ikionekana bakulini baada ya nusu saa bila choo kuvutwa, valvu ya chini inavuja. Penye dira ya maji, funga koki zote usiku, andika tarakimu, uzitazame tena alfajiri.

Kubadilisha washa si lazima kumngoja fundi. Funga koki kuu, fungua ile mbovu maji yaishe, legeza kichwa chake kwa spana, toa washa kuukuu na weka mpya ya kipimo kilekile. Kabla ya kufunga, pitisha kidole juu ya kiti ambacho washa hukalia. Kikiwa na mikwaruzo, washa mpya haitadumu, na kiti chenyewe chahitaji kusuguliwa au koki kubadilishwa. Kukaza koki kwa nguvu ili isidondoshe ndiko kunakokata washa na kuharibu kiti. Watoto wafundishwe hivyo mapema. Chokaa kwenye kichwa cha bomba la mvua huondolewa kwa kukiloweka katika siki au maji ya ndimu usiku mmoja.

Hadhari mbili zahusu mgao. Koki isiachwe wazi maji yanapokatika, kwani hurudi watu wakiwa wamelala. Aidha, mpira wa maji usiachwe umezama ndani ya ndoo, pipa au birika la kunyweshea ng'ombe. Msukumo ukishuka, bomba huweza kuyafyonza maji hayo machafu na kuyarudisha katika njia ya maji ya kunywa ya majirani.

Kwa kawaida bomba lililo baada ya dira ni jukumu la mwenye nyumba au mpangaji kwa mujibu wa mkataba wake, na lililo kabla ya dira ni la mtoa huduma. Vijijini, tangu mwaka 2019, huduma hiyo husimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini kupitia vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Uvujaji kabla ya dira uripotiwe huko, na lakiri ya dira isiguswe. Mtumishi anayehama aandike katika hati ya makabidhiano hali ya kila koki, na mahali ilipo koki kuu ya kufungia.