Mimba ya Siri, Kichanga Kilichokufa na Sheria

Kuficha mimba si ushahidi wa nia ya kuua. Hata hivyo, kichanga kinapokutwa chooni au jalalani, swali la kwanza mtaani ni hilo hilo: kama hakuwa na nia mbaya, mbona alificha? Ndivyo ilivyofikiri sheria ya Uingereza ya 1624: mama asiye na ndoa aliyeficha kifo cha mwanawe alihesabiwa muuaji mpaka shahidi athibitishe kuwa mtoto alizaliwa mfu. Waingereza waliifuta mwaka 1803. Mitaani kwetu ingali inatumika.

Msichana huficha kwa kumwogopa baba, au kwa kuogopa kufukuzwa shule. Hata hivyo, Tanzania Bara iliwaruhusu waliojifungua kurudi darasani Novemba 2021. Wengine hawajui kama ni wajawazito. Utafiti wa Berlin uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa mimba moja katika kila 2,455 hivi haikutambuliwa hadi wakati wa kujifungua. Uchungu hudhaniwa ni tumbo la kuharisha, mama akakimbilia chooni.

Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 210 cha Kenya, humhusu mama peke yake: akisababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12, akili yake ikiwa imevurugika kwa athari za uzazi au kunyonyesha, huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Wanaodhani huko ni kuachiwa huru wajue kuwa adhabu ya juu ni kifungo cha maisha.

Lakini kwanza lazima mtoto awe amezaliwa hai. Hapo huletwa jaribio la tangu karne ya 17: mapafu hutiwa majini, yakielea inasemwa mtoto alipumua. Gesi ya uozo nayo huyafanya yaelee. Aliyempulizia mtoto mdomoni ili kumwokoa huyajaza hewa vilevile. Mapafu ya aliyeishi saa kadhaa huweza kuzama. William Hunter, daktari wa uzazi wa London, alilitilia shaka jaribio hilo tangu karne ya 18, na bado lipo. Tena sheria hizi za Tanzania na Kenya zinasema mtoto ni mtu akishatoka mzima mzima tumboni akiwa hai, awe amepumua au hajapumua, kitovu kikatwe kisikatwe. Hata matokeo ya jaribio yakiwa sahihi, hayaelezi kama kichanga kilianguka, kilipigwa na baridi au kilizibwa pumzi.

Kosa la kuficha uzazi ni jingine, dogo zaidi: ni kuificha maiti, bila kujali kama mtoto alikufa kabla, wakati au baada ya kuzaliwa.