Kufuli Ndani ya Programu

Programu ya kompyuta ni mfululizo mrefu wa namba, na kila namba ni amri au habari kwa mashine. Mnunuzi akabidhiwapo programu, hukabidhiwa namba hizo zote. Kwa hiyo mtungaji anayetaka kuzuia nakala za wizi ana taabu kubwa: mlango, kufuli na ufunguo vyote vimo mikononi mwa yule yule anayemhofia, yaani mvunjaji, ambaye aweza kuvichunguza usiku kucha bila kusumbuliwa.

Kinga mojawapo ni kuiwezesha programu ijikague. Kwa mfano, jumla ya namba 7, 12 na 5 ni 24. Programu huzijumlisha kila inapoendeshwa. Mvunjaji akibadili 12 kuwa 2, jumla huwa 14, na hila hujulikana. Lakini mvunjaji hodari ataigeuza 7 kuwa 17, na jumla itarudi 24. Ndipo mtungaji huweka jumla ya pili inayopishana na ya kwanza: 7 na 9, yaani 16. Sasa 17 na 9 ni 26. Mvunjaji aliyeziba tundu moja amefungua jingine.

Mbinu hiyo ilitumiwa nchini Marekani mwaka 2000 katika mchezo uitwao Spyro: Year of the Dragon, uliotungwa na Insomniac Games kwa ajili ya mashine ya PlayStation. Ukaguzi ulitapakazwa ndani ya programu nzima. Tena, mchezo ulipogundua hila haukusimama papo hapo. Uliendelea, huku mayai aliyokwisha kuyakusanya mchezaji yakitoweka. Hivyo mvunjaji alilazimika kucheza kwa muda mrefu kabla ya kujua kama kweli amefaulu.

Hata hivyo, kinga hiyo ilivunjwa baada ya miezi miwili na ushei. Je, watungaji walishindwa? La. Sehemu kubwa ya mauzo ya michezo kama hiyo hupatikana katika miezi ya mwanzo, na ndiyo miezi iliyolindwa.

Mwaka 2001 wataalamu saba wa nadharia ya kompyuta walithibitisha kwamba hakuna njia moja iwezayo kuficha kikamilifu siri za kila programu. Basi kinga ya namna hii haileti usalama wa milele, hununua muda. Mtungaji mwenye busara hujiuliza kwanza ni siku ngapi zitakazotosha kurudisha jasho lake.